Shule zitunze vipandikizi kabla ya kupanda

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, shule nyingi za Nairobi huingiwa na hamu ya bustani. Wanafunzi huagizwa kuleta vipandikizi kutoka nyumbani: machipukizi ya sukuma wiki, vitawi vya mforosadi, rozimari na kadhalika. Huvichomeka katika pakiti za maziwa zilizojazwa udongo, na baada ya wiki chache mizizi huchomoza. Hapo walimu hupumua, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, uzembe huanza.

Nayasema haya kutokana na niliyoyaona Kawangware. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na chama cha Kiswahili katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Nyuma ya darasa nilikuta vipandikizi vipatavyo sitini, vyote vikiwa vimeshika mizizi, na karibu vyote vimekauka. Kiwanja cha bustani kilikuwa kimejaa mawe ya fundi, kwa hivyo upanzi uliahirishwa. Kisha ikaja likizo ya Aprili na hakuna aliyeagizwa kuvitia maji. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba vipandikizi vyao "vilikuwa dhaifu". La hasha! Havikuwa dhaifu, vilitelekezwa.

Kipandikizi chenye mizizi ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi. Kiweke juani kutwa nzima, kitanyauka; kifurikishe maji katika pakiti isiyotobolewa chini, mizizi itaoza. Kinachotakiwa ni kivuli chepesi, na maji pale tu kidole kinapogusa udongo wa juu na kuuona mkavu. Kikikawia, mizizi hujizungusha ndani ya pakiti, na mmea wa namna hiyo hudumaa hata ukipandwa penye rutuba. Hivyo basi, kihamishiwe mkebe mkubwa zaidi, hata ule wa mafuta ya kupikia, bora utobolewe. Maua yakitokea mapema yakatwe ili nguvu ibaki kwenye mizizi na majani. Vidukari navyo hupenda sana sukuma wiki changa, kwa hivyo majani yafunuliwe upande wa chini kila siku mbili tatu. Hatimaye, kwa wiki moja au mbili kabla ya kupanda, kizoezwe jua la asubuhi kidogo kidogo na maji yapunguzwe. (Marando ya viazi vitamu hayana makuu haya, huenda moja kwa moja ardhini.)

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kupanda mara moja. Wanaosema hivyo hawajafundisha Kibera. Huko mwalimu hana hakika ya kiwanja chake hata kwa msimu mmoja. Mnamo Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Penye ardhi ya mashaka namna hiyo, mmea unaoweza kusubiri kwa afya ndani ya mkebe ni mali, kwani unabebeka.

Baadhi ya wakazi wa Kibera wanalijua jambo hili kuliko sisi wenye shahada. Baada ya ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Ufaransa la Solidarités lilianza mwaka wa 2008 kuwasaidia kupanda mboga katika magunia. Magunia ndiyo yaliyopigwa picha na kusifiwa. Mimi nilivutiwa zaidi na vitalu, ambamo miche ililelewa kwanza ndipo ikagawiwa watu. Kwetu mambo huwa kinyume. Serikali ilitangaza Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Siku ya kutunza miche sijaisikia bado.

Kama mwanaisimu, naona pia kasoro ya lugha. Kiswahili kina pingili ya muhogo, rando la kiazi, chipukizi la mgomba, kina mche na kitalu. Lakini somo la kilimo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayeweza kuziandika hatua zote katika mtihani hushindwa kumweleza nyanya yake kwa nini mkebe ule usiachwe juani.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Magunia au kiwanja vitayarishwe kabla ya kipandikizi cha kwanza kukatwa. Na shule zinapofungwa Aprili, kila mwanafunzi aende nyumbani na mikebe miwili au mitatu, jina lake likiwa limeandikwa juu yake, aitunze na kuirudisha muhula wa pili ikiwa na mimea hai. Mwalimu aikague siku ya kwanza ya kufungua, kama anavyokagua vitabu.