Usafi wa Mstari ni Neno Tupu

Imekuwa ada kwa wahakiki, kila waandikapo juu ya michoro ya samani za Uklasiki Mpya, kuusifu "usafi wa mstari" kisha kuweka kalamu chini, kana kwamba wamekwisha kusema. Neno hilo nalikataa. Mstari ule haukuzaliwa safi, wala thamani yake haimo katika usafi.

Tukitazame kitabu cha Thomas Hope juu ya samani na mapambo ya nyumba, kilichochapishwa London mwaka 1807. Humo viti, meza na makochi vimechorwa kwa mstari mwembamba usio kivuli wala rangi. Mstari huo ulikwisha kupita mikono mingi. Wagiriki wa kale waliuchora juu ya vyombo vya udongo. Tischbein akaunakili huko Napoli kutoka katika vyombo vya Sir William Hamilton. Flaxman akauchorea tenzi za Homer mwaka 1793. Percier na Fontaine wakauingiza katika samani za Ufaransa. Hope mwenyewe alinunua vyombo vingi vya Hamilton mwaka 1801.

Wako watakaosema: basi ni nakala. Mimi niliyekula miaka katika kazi ya tafsiri nasema, la. Mchoraji wa chungu alikionyesha kiti ubavuni tu. Hakusema upana wake, wala jinsi miguu ilivyoungwa na kikalio. Hayo yalibidi kuamuliwa upya, na kuamua ndiyo kazi ya mfasiri.

Tena mstari ule unaudai mti. Miguu ya kiti ambacho Wagiriki walikiita klismos hupinda kwenda nje mithili ya mundu. Seremala akiukata mguu huo katika ubao ulionyooka, nyuzi za mti hukatika penye pindo, na hapo ndipo huvunjikia. Karatasini pindo halibebi kitu. Chini ya mtu aliyeketi, linabeba. Hope alilijua deni hilo: katika utangulizi wake alilalamika kwamba London nzima alipata mafundi wawili tu wa kuwaaminia kazi zake zenye nakshi nyingi.

Na mti wenyewe? Mahogani iliyopendwa London siku zile ilitoka Jamaika, Kuba na Ghuba ya Honduras, na walioikata walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Mwaka huohuo wa 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Mashoka hayakunyamaza, kwani utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake hadi miaka ya 1830. Michoro ile haina mahali pa watu hao. Ndiyo maana neno "safi" linanichoma.

Simkatazi mtu kuipenda michoro hiyo, nami naipenda. Kivuli huweza kuficha kasoro ya umbo, lakini mstari mtupu hauna pa kuificha: mguu ukizidi unene hata kidogo, jicho hulikamata kosa. Huo ni uaminifu, na uaminifu ni sifa kubwa kuliko usafi. Basi wahakiki wetu na waanzie hapo: waulize mstari umetoka kwa nani, unaudai nini mti, na nani aliyelipa. Asiyeuliza hayo amesifu karatasi.