Fungueni Hizo Kompyuta

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vijana wenzangu wakisikia habari hii hucheka, halafu huuliza wazee wale walikuwa wanawaza nini. Walikuwa na hoja. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na katika miaka iliyofuata mashine zile zilikula fedha za kigeni na kutegemea wataalamu kutoka nje, huku kazi zilizonunuliwa kuzifanya zikikwama. Kwa nchi iliyokuwa imetangaza kujitegemea kule Arusha mwaka 1967, hilo halikuwa jambo dogo. Baadaye marufuku ikaondolewa.

Mimi nasema iliondolewa nusu. Tumeiruhusu kompyuta kuingia nchini, lakini mwanafunzi wa Kitanzania bado amekatazwa kuifungua.

Chukua maabara za kompyuta za sekondari zetu. Nilipokuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili mkoani Singida, nilikaa wiki kadhaa katika shule moja wilayani Iramba. Shule ile ina bahati kuliko nyingi: ina kompyuta za mezani kumi na nane, zimetumika Ulaya kwanza, zimeletwa na mfadhili. Kilikuwa kiangazi. Anayeijua Singida anaujua upepo wake na vumbi lake. Ukifuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Sasa weka mashine kumi na nane zinazovuta hewa hiyo kutwa nzima katika chumba kimoja chenye bati juu. Zikiwashwa zote, chumba kinanguruma kama mashine ya kusaga. Mwalimu anapaza sauti. Wanafunzi wa nyuma wanasoma midomo. Kipindi ni dakika 40, na nusu yake inapotea katika "umesema nini, mwalimu?"

Pembeni kulikuwa na kompyuta moja iliyokufa, kifuniko chake kimetoka. Kuitazama tu kulitosha kueleza kelele inatoka wapi. Ndani kulikuwa na feni mbili. Moja ilikuwa ya kupoza prosesa, na kasi yake hupandishwa na kushushwa na madabodi kulingana na joto. Nyingine, iliyofungwa nyuma ya kasha kutoa hewa ya moto, ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwenye waya za pawa saplai. Hiyo haina wa kuiambia ipunguze mwendo. Iwe asubuhi ya baridi au saa nane mchana, inapewa volti 12 na inakimbia mbio zake zote.

Dawa yake inajulikana miaka mingi na mafundi wa dunia nzima. Plagi ile ya pini nne ina waya wa njano wenye volti 12, mwekundu wenye volti 5, na mweusi miwili ambayo ni sifuri. Feni ikikaa kati ya njano na mweusi inapata 12. Ihamishie kati ya nyekundu na nyeusi, inapata 5. Ikikaa kati ya njano na nyekundu inapata tofauti yake, yaani 7. Kinachohamishwa ni vipini viwili vidogo vya chuma ndani ya plagi ya plastiki. Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili: 12 kutoa 5.

Matokeo yake ni makubwa kuliko hesabu. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi wa feni, ukipunguza mzunguko hadi nusu, kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, wakati hewa inayosukumwa inapungua nusu. Unatoa hewa kiasi, unarudishiwa utulivu mwingi.

Niliomba kufungua mashine moja tu, nikiwa na mwalimu wa somo, baada ya vipindi. Jibu nililopewa ofisini ninalikumbuka neno kwa neno: "Madam, hizo usiziguse. Zikifa, nani atajibu?" Kwenye kila kasha kulikuwa na stika ya onyo juu ya skrubu. Udhamini wa mashine hizo ulikwisha zikiwa bado Ulaya, lakini stika iliendelea kutii wajibu wake, na watu wazima tukaitii stika.

Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Wapo wanaosema tutaua mashine. Wana haki ya kuogopa, na hofu yao inastahili jibu la kitaalamu. Ndiyo, kuna hatari. Ukitumia volti 7, umeme unaopita kwenye feni unarudi katika njia ya volti 5. Kwa kawaida vifaa vingine vya ndani huumeza, lakini feni ikipata shoti, volti 12 zinaingia mahali palipojengwa kwa 5, na hapo unaweza kupoteza kila kitu. Ndiyo maana fundi makini atachagua volti 5 kama feni inaweza kuanza kuzunguka kwa nguvu hiyo, maana nyingine husimama tu, au ataweka rezista. Feni ya prosesa hataigusa. Pawa saplai yenyewe hataifungua, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kabla ya yote atapuliza vumbi, kwa kuwa vumbi ndilo linalozidisha joto. Akimaliza, atapima joto mashine ikiwa kazini.

Soma tena aya hiyo. Ni somo zima la fizikia: tofauti ya volti, mkondo, ukinzani, joto, usalama. Ni yale yale tunayoyakariri kidato cha tatu na kuyasahau mara tu baada ya mtihani. Hatari ni sababu ya kufundisha; tangu lini imekuwa sababu ya kunyamaza? Tunawafundisha watoto kutumia makaa ya moto, visu na pikipiki. Tunashindwa vipi kuwafundisha volti 12?

Wapo wanaosema: nunua mpya. Hawa wengi wanaishi karibu na maduka. Kutoka Kiomboi, kitu kipya ni nauli, ni siku nzima, na ni pesa ambayo shule haina. Hata pesa ikiwepo, dunia imekwisha kuchoshwa na jibu hilo. Mwaka 2022 pekee binadamu walitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ufaransa, nchi isiyo na uhaba wa maduka, tangu mwaka 2021 inawalazimisha wauzaji wa kompyuta za mkononi kuonyesha alama inayomwambia mnunuzi kifaa kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Wenye nacho wanadai haki ya kutengeneza. Sisi tusio nacho tunabandika stika upya.

Wa tatu ndio wananiuma zaidi, kwa sababu ni wenzangu. Hawa wanasema kazi hiyo ni ya fundi, msomi ana mengine. Kompyuta yangu mwenyewe, yenye kelele ile ile, niliipeleka kwa fundi mmoja mjini Singida, mzee aliyeanza na redio. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya plagi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Feni inakula ampea ngapi, mwanangu?" Tukasoma lebo pamoja: 0.25. Akaniambia kwa kiasi hicho rezista nayo itapata moto, hivyo tusiibane karibu na plastiki. Tulijaribu volti 5 kwanza, feni ikaanza. Hatukuhitaji rezista. Nusu saa ilitosha. Mzee huyu hana digrii, na hakuna chuo kilichowahi kumwalika azungumze na wanafunzi wake. Mimi nimekaa darasani miaka kumi na minane, na mtu wa kwanza kunitaka nisome lebo ya feni alikuwa yeye.

Kuna utengano wa kijinga hapa. VETA upande ule wanashika bisibisi, vyuo vikuu upande huu tunashika maneno, na katikati kuna maabara za sekondari ambamo hakuna anayeshika chochote. Mwanafunzi anakariri kwamba kibodi huingiza data na printa huitoa. Akiulizwa kwa nini chumba kinanguruma, anajibu kwamba ndivyo kompyuta zilivyo.

Sivyo zilivyo. Mtu fulani alichomeka waya kwenye volti 12, na mtu mwingine anaweza kuuhamisha. Mtoto akilielewa hilo kwa feni, atauliza pia kuhusu pampu ya kisima cha kijiji iliyosimama mwaka wa tatu, na sola ya zahanati iliyobaki kuwa pambo juu ya paa. Asipolielewa, ataikuta dunia imefungwa kwa skrubu, naye atasubiri mfadhili arudi na ufunguo.

Ninachodai si kikubwa. Kila maabara iwe na bisibisi, kipima umeme na brashi ya vumbi, vitu ambavyo kwa pamoja ni rahisi kuliko kompyuta moja. Kila shule itenge mashine moja iliyokufa iwe ya kufunguliwa, ifunguliwe na kila kidato. Fundi wa mtaani aalikwe kwa barua rasmi na alipwe kama mwezeshaji, kama tunavyowalipa wageni wa semina. Wakuu wa shule walindwe kwa waraka unaosema wazi kwamba mashine ikifa katika kufundishwa chini ya usimamizi, hakuna atakayekatwa mshahara. Wafadhili nao, kabla ya kukata utepe, wabandue zile stika.