Shingo ya Mtoto Haina Kipuri

Mgeni anayefika Kakamega siku ya mchuano mkubwa hana haja ya kuuliza njia ya uwanjani, kwani ngoma za isukuti zitamwelekeza. Huu ni mji uliozoea ushindi. Timu ya soka ya Shule ya Kakamega, Green Commandos, imelea vijana waliokuja kuvaa jezi ya taifa. Uwanja wa Bukhungu ulipokea mechi za Kombe la CECAFA mwaka wa 2017, na mnamo Agosti 2025 mji ukawa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Si ajabu, basi, kwamba kila mchezo mpya unaobisha hodi hapa hukaribishwa kwa swali moja: kombe litakuja lini?

Mchezo unaobisha hodi sasa ni jimnastiki. Mtaala wa Umilisi umewafikisha walimu wa shule za msingi mahali pa kufunza kubingirika, kusimama kwa mikono na kudhibiti mwili. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kufuata mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Katika Olimpiki za Paris za 2024, msichana wa Algeria, Kaylia Nemour, alitwaa dhahabu katika vyuma vya kubembea, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara la Afrika. Tena Olimpiki za Vijana za 2026 zilipangiwa Dakar, Senegal, na jimnastiki imo katika ratiba yake. Watoto wameyaona hayo kwenye simu za wazazi wao, na jioni hupiga vichwangomba nyasini bila kuagizwa na mtu.

Twafurahia hamu hiyo. Hata hivyo, furaha isitufumbe macho. Siku moja mwalimu wa hapa atawapakia watoto hao basini kuelekea mashindano makubwa. Je, atakuwa amejiandaa vipi?

Wengi watajibu upesi kwamba ajiandae kwa ratiba ya mazoezi, sare, nauli na barua za ruhusa. Hayo yote ni ya lazima. Lakini sisi twashikilia kwamba liko andalio moja linalotangulia mengine yote, nalo ni kuamua mapema, mbele ya mashahidi, ni wakati gani mtoto ataondolewa mashindanoni, na ni nani mwenye neno la mwisho. Kocha ambaye hajalitafakari jambo hili kabla ya kuondoka nyumbani hatalitafakari vyema uwanjani, pale mashabiki wanapopiga makofi na jina la shule linapotajwa kwenye kipaza sauti.

Jimnastiki si kama soka. Mchezaji wa soka aliyechoka hutoa pasi akapumua. Mwanajimnastiki aliyechoka yumo hewani, miguu juu na kichwa chini, wala hana wa kumpa pasi. Boriti ambayo wasichana hutembea na kuruka juu yake ina upana wa sentimita 10 tu, nayo imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Akianguka, waamuzi humkata alama moja. Hiyo ndiyo hesabu ya karatasini. Hesabu ya mwilini ni nyingine, na hakuna mwamuzi awezaye kuirekebisha.

Historia ya mchezo huu imetuachia mafunzo machungu. Elena Mukhina wa Muungano wa Sovieti alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1978. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, akarudishwa mazoezini kabla ya kupona sawasawa kwa sababu Olimpiki za Moscow zilikuwa zinakaribia. Julai 1980, ikiwa imesalia takriban majuma mawili tu michezo ifunguliwe, alijaribu mruko hatari wa kupinduka hewani unaomalizikia kwa kubingirika. Mguu haukumpa nguvu ya kutosha. Alitua vibaya na kuvunjika shingo. Alikuwa na umri wa miaka 20. Aliishi amepooza hadi alipofariki mwaka wa 2006, na mruko ule baadaye ukapigwa marufuku. Tukumbuke kwamba hakuumia mbele ya waamuzi. Aliumia katika maandalizi, siku ambayo hapakuwa na medali yoyote ya kugombewa.

Mfano wa pili ni wa Atlanta, mwaka wa 1996. Kerri Strug wa Marekani aliteguka kifundo cha mguu katika mruko wake wa kwanza. Kocha alimhimiza, naye akaruka mara ya pili, akatua kwa mguu mmoja, kisha akaanguka kwa maumivu. Dunia nzima ilishangilia. Ni wachache waliokumbuka kusoma hesabu baadaye: Marekani ingeipata dhahabu ile hata bila ya mruko wa pili. Naye Strug, kwa jeraha lile, alizikosa fainali za mtu binafsi alizokuwa amefuzu. Twamstahi kwa ujasiri wake. Lakini wale watu wazima waliomzunguka walikuwa wapi na hesabu zao?

Miaka 25 baadaye, mjini Tokyo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwezi wa Julai 2021, Simone Biles, bingwa kuliko mabingwa, aligundua kwamba akiwa hewani hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Baada ya mruko mmoja tu alijiondoa katika fainali ya timu. Alitukanwa na wengi, akaitwa mwoga. Siku chache baadaye alirejea kwenye boriti na kutwaa shaba. Mwaka wa 2024 huko Paris alitwaa dhahabu tatu na fedha moja. Kuondoka siku moja hakukumwangamiza. Kulimhifadhi.

Hapa ndipo tunapowaomba walimu wetu watulie kidogo. Biles alikuwa na umri wa miaka 24, jina lake likijulikana dunia nzima, na akaweza kusema mwenyewe kwamba leo haiwezekani. Mtoto wa miaka 12 kutoka Shinyalu au Lurambi hawezi. Amelelewa kumheshimu mwalimu na kutombishia mkubwa. Ametazamwa na kijiji kizima akipanda basi. Akiulizwa kama mkono unamuuma, atajibu, "Siumwi, mwalimu," huku ameuficha nyuma ya mgongo. Adabu hiyo tumemfunza sisi wenyewe, na ni njema. Lakini kwa kuwa tumemfunza kutosema hapana, ni wajibu wetu kuisema kwa niaba yake.

Kuisema si kazi ya mdomo pekee. Yahitaji maarifa na utaratibu. Kwanza, mwalimu ajifunze hatua za kila zoezi, tangu kubingirika chini hadi kupinduka hewani, wala asiruke hata moja kwa sababu mtoto ana kipaji. Zoezi ambalo mtoto hajalifanya salama mara nyingi mazoezini lisipelekwe mashindanoni. Na katika majuma ya mwisho pasiongezwe jambo jipya. Huo ni wakati wa kunoa kilichopo na kuupumzisha mwili.

Pili, mahali pa mazoezi pakaguliwe kila siku. Sisi wa Kakamega twaijua hali ya hewa yetu: asubuhi nyasi zina umande, alasiri mvua inashuka. Nyasi iliyolowa huteleza, na magodoro ya bweni yaliyopangwa pamoja huachana pale pale mguu unapotua. Shule isiyo na mikeka maalumu ya michezo ibaki na mazoezi ya chini: kubingirika, kusimama kwa mikono akishikwa, kusawazisha mwili. Si aibu. Msingi wa nyumba haujawahi kumwaibisha fundi.

Tatu, mwalimu ajue mwili wa mtoto. Ncha za mifupa yake bado ni laini, kwani huko ndiko mfupa unakokulia. Maumivu ya kifundo cha mkono yanayorudi kila siku si uvivu, ni habari inayostahili kupelekwa kwa daktari. Mtoto asinyimwe chakula ili awe mwepesi, kwani mwenye njaa hutetemeka na anayetetemeka huanguka. Asafirishwe mchana, alale usiku wa kutosha, na apewe nafasi ya kuvizoea vifaa vya ugenini kabla ya kushindana. Akianguka na kulalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa haraka wala kuketishwa. Aachwe alivyo, kichwa kikiwa kimetulizwa, hadi wahudumu wa afya wafike. Mwalimu awe ameijua njia ya hospitali iliyo karibu kabla ya shindano kuanza.

Nne, mtoto alindwe na binadamu pia. Mwaka wa 2018, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, Larry Nassar, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175 baada ya wanawake na wasichana zaidi ya 150 kutoa ushahidi wa jinsi alivyowadhulumu kwa kisingizio cha matibabu. Wengi walikuwa wamenyamaza kwa sababu waliogopa kupoteza nafasi zao timuni. Mchezo huu humlazimu kocha kumshika mtoto ili amkinge, basi na ashikwe hadharani, aelezwe kwa nini anashikwa, na asiachwe peke yake na mtu mzima yeyote chumbani. Wasichana waandamane na mwalimu wa kike. Wala fimbo haina nafasi katika mazoezi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliharamisha adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto ya 2022 yamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna.

Twajua kuna watakaotujibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba mtoto wa maskini hana mlango mwingine, kwamba medali moja yaweza kumletea karo, na kwamba wazazi wamechanga fedha za basi kwa taabu. Mwalimu gani atasimama mbele ya wazazi hao na kuwaambia kwamba mtoto wao amefika uwanjani lakini hakushindana?

Hatulidharau swali hilo. Twajibu kwamba ndiyo maana jambo hili liamuliwe kabla ya safari. Mwalimu mkuu aitishe mkutano wa wazazi. Waelezwe wazi kwamba mtoto akiumia, akiugua, au akipoteza uhakika wa mruko wake, ataondolewa, na kwamba neno la mwisho ni la mwalimu anayemfunza pamoja na mhudumu wa afya, wala si la mwalimu mkuu, mfadhili au shabiki. Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Hapo mwalimu hatakuwa amewasaliti wazazi, atakuwa ametimiza ahadi yao. Kuhusu karo, mtoto mzima ana mwaka mwingine wa kujaribu. Aliyevunjika shingo hana, na gharama za kumtunza zitawashinda wazazi wale wale tuliotaka kuwapunguzia mzigo.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Mpendwa mwanafunzi, kumwambia mwalimu kwamba unaumwa si utovu wa adabu. Kama ukiwa hewani hujui uliko, sema. Kama mwenzako anaficha jeraha, mshauri aseme. Kufanya hivyo si kumchongea, ni kumwokoa. Na usijaribu nyuma ya bweni kile ulichokiona kwenye simu, kwa maana hukuonyeshwa miaka ya mazoezi iliyotangulia dakika ile.

Waisukha na Waidakho wamezoea kupiganisha mafahali tangu zamani. Umati hukusanyika alfajiri, ngoma zikalia, na mafahali wakakabiliana pembe kwa pembe. Fahali akizidiwa hugeuka akakimbia, na pambano likaisha hapo. Mwenye fahali huona haya kwa siku kadhaa, lakini mnyama wake hurudi malishoni akiwa hai. Ikiwa tumemruhusu fahali kugeuka, tutamnyimaje mtoto wetu ruhusa hiyo?

Kakamega italeta makombe mengine, hatuna shaka. Vipaji vipo, na walimu wenye moyo wapo. Tunachowaomba ni hiki: kabla basi halijawashwa, kabla bendera ya shule haijafungwa dirishani, mwalimu ajiulize kama yuko tayari kumrudisha mtoto nyumbani bila medali. Akiwa tayari kwa hilo, na aende, nasi twamwombea ushindi. Asipokuwa tayari, basi maandalizi yake bado, hata kama wanafunzi wake wanaruka kama ndege.