Mbuzi Hukaguliwa, Pete Je?

MIZANI YA WIKI, na Ndinda Muthiani

Ukambani, mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa nyumbani kwa bibi harusi, hawapokelewi hivi hivi. Wazee huwatazama mmoja mmoja, na akipatikana dhaifu huzua maneno. Siku chache baadaye bwana harusi yuleyule huingia dukani mjini Machakos, akaonyeshwa pete iliyochorwa 750 kwa ndani, akalipa, akaenda zake. Hakuna mzee aliyeulizwa.

Nambari hiyo ina maana. Katika kila sehemu 1,000 za pete, 750 ni dhahabu safi, yaani karati 18 kati ya 24. Zinazobaki ni shaba, fedha au madini mengine, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno kwa mkono unaolima na kufua.

Kiwango chenyewe hutegemea mnunuzi yuko wapi. Ujerumani, kipande cha 333, karati 8, huuzwa kama dhahabu. Uingereza huanzia 375, karati 9. Mhindi hupenda karati 22, na dada anayerudi kutoka kazini Saudia huja na bangili ya karati 21. Pete ya gramu 10 yenye karati 22 ina zaidi ya gramu 9 za dhahabu. Ya karati 9 haifiki hata 4. Kwa macho, zote zinang'aa.

Ndiyo maana wenzetu hawakumwachia muuzaji ajitolee ushahidi mwenyewe. Uingereza ilitunga sheria ya ubora wa dhahabu mwaka 1300. Hadi leo, pambo la dhahabu linalozidi gramu 1 halitangazwi kuwa dhahabu mpaka lipimwe na kupigwa muhuri na mojawapo ya ofisi 4 huru: London, Birmingham, Sheffield au Edinburgh. India ilianza kulazimisha muhuri Juni 2021, na sasa kila pambo lenye muhuri hubeba alama yake ya herufi na tarakimu, jumla 6.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa. Lakini sheria hiyo humfaa aliyekwisha kugundua kwamba amepunjwa, na mwenye pete ya 375 iliyochorwa 750 atagundua lini? Labda siku ya shida, anapoipeleka kwa sonara kuiuza.

Jambo la kushangaza ni kwamba mzani wa mama muuza ndengu sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali. Mzani wa sonara vilevile. Gramu zinalindwa, kilichomo ndani ya gramu hakina mlinzi. Ipo mashine ya eksirei inayosoma karati kwa muda mfupi bila kukwaruza pambo. Maafisa wa vipimo wa kaunti wangeweza kuanza na mashine moja tu, iwekwe ofisini, na mwenye pete aruhusiwe kuingia nayo.

Kwa sasa, mnunuzi adai risiti iliyoandikwa karati na gramu. Duka likikataa kuandika, pesa zibaki mfukoni.