Kabla ya kununua simu, uliza itahudumiwa hadi lini

Juma lililopita nilisafiri kwa matatu kutoka Njoro kuja Nakuru, na nyuma yangu walikuwa wameketi wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Egerton waliobishana tangu tulipong'oa nanga hadi tulipoingia mjini. Mmoja alikuwa na iPhone iliyokwisha kutumiwa ng'ambo kabla ya kuuzwa huku kwetu. Mwenzake alikuwa na Tecno mpya. Yule wa kwanza alidai kuwa mwenye Android ni mtu aliyekosa uwezo wa kupata kitu bora. Wa pili akamjibu kwamba heri chake kipya kuliko cha mitumba. Abiria wakacheka, na kila mmoja akachagua upande kana kwamba ni mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Mimi sikucheka sana, kwa maana katika ubishi ule wote hakuna aliyeuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito: je, simu hiyo itaendelea kuhudumiwa na walioiunda hadi mwaka gani?

Kila simu janja huongozwa na mfumo endeshi, yaani ile programu kuu iliyo msingi wa programu nyingine zote. Mifumo iliyotamalaki leo ni miwili: iOS ya kampuni ya Apple, iliyozaliwa pamoja na iPhone ya kwanza mwaka wa 2007, na Android ya Google, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka wa 2008. Hakuna mfumo usio na nyufa, na wadukuzi huzitafuta usiku na mchana. Watengenezaji huziziba kwa kutuma masasisho. Siku masasisho yanapokoma, simu haifi. Huendelea kuwaka na kupiga picha kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwani mwenyewe hana habari kwamba mlango u wazi.

Enzi za "mulika mwizi" jambo hili halikutushughulisha. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 ilikaa ndani ya laini yenyewe, na simu iliyochubuka pembe zote ilitosha. Leo akaunti ya benki, picha ya kitambulisho, hesabu za chama na malipo ya viazi kutoka Molo, vyote vimo ndani ya kifaa kimoja.

Rafiki yangu mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama huko Bahati, alinunua simu mpya katika duka moja hapa mjini, ingali na karatasi yake ya nailoni. Kumbe mfumo uliokuwamo ulikuwa umetolewa miaka mingi nyuma, na mtengenezaji hakuwahi kuutumia sasisho hata moja. Haukupita muda mrefu, programu ya benki ikakataa kufunguka, ikitaka mfumo mpya zaidi. Ilikuwa juma la kufungua shule, na wanachama walikuwa wakingoja mikopo ya karo. Alipoirudisha simu dukani aliambiwa, "Mama, simu ni nzima, shida ni ya benki." Benki nayo ikamwambia shida ni ya simu. Kwa siku mbili alipanga foleni benkini huku watoto wa wenzake wakikaa nyumbani.

Wala hili si geni. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Windows mwishoni mwa mwaka wa 2019, na BlackBerry, ambayo zamani ilikuwa fahari ya mameneja, ilizimiwa huduma za mfumo wake wa kale tarehe 4 Januari 2022.

Tofauti ya mifumo hii miwili inatokana na namna inavyotunzwa. Apple huunda simu na mfumo wake pia, hivyo hutuma sasisho moja kwa moja kwa mteja. iPhone 6s ya mwaka wa 2015 ilipokea iOS 15 mwaka wa 2021. Android hupitia mikono mingi. Google huitoa, kisha kila mtengenezaji hana budi kuirekebisha ilingane na simu zake, kazi yenye gharama ambayo faida ndogo ya simu ya bei rahisi haimshawishi kuifanya.

Je, tukimbilie iPhone sote? La hasha. Umri wa simu huhesabiwa tangu muundo wake ulipozinduliwa, si tangu ulipoilipia, na huenda yule kijana wa Njoro amenunua mwaka mmoja tu uliosalia. Tena kuna Android na Android: Samsung iliahidi kuihudumia Galaxy S24 ya mwaka wa 2024 kwa miaka 7, na Galaxy A16, iliyo ya bei ya chini zaidi, kwa miaka 6. Na nakiri kwamba naipenda Android kwa jambo moja lisilohusu usalama: unaweza kuiamuru iandike kila kitu kwa Kiswahili, nayo ikakuonyesha neno "Mipangilio" bila kuona haya.

Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria humlazimu mtengenezaji kutangaza muda wa chini ambao kifaa chake kitapata masasisho ya usalama. Hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa. Yaongezwe masharti mamoja tu: mwaka wa mwisho wa huduma uchapishwe juu ya kasha, kwa herufi zinazosomeka. Pakiti ya maziwa, ambayo huisha kwa chai ya asubuhi moja, ina tarehe yake. Seuze kifaa kinachobeba akiba ya chama kizima.

Juzi nililiuliza swali hilo katika maduka matatu ya hapa mjini. Wauzaji wawili walinitazama kama aliyeuliza bei ya mvua. Wa tatu, kijana mdogo, alitoa simu yake akatafuta jibu, akanyamaza kidogo, kisha akairudisha rafuni ile aliyokuwa akinisifia na kusema, "Mzee, hebu kwanza nikuonyeshe hii nyingine."