Mbali na gredi, unapeleka nini chuoni?



Barua nyingi ninazopokea kutoka kwa vijana waliomaliza Kidato cha Nne ni za karo na mikopo. Wiki hii nimeletewa moja ya namna nyingine. Mwenye kuiandika ni msichana aliyefaulu vizuri na ambaye anaomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. Fomu hazikumtaka aonyeshe alama tu. Zimemtaka pia aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, ni sifa gani za kibinafsi atakazoleta katika jamii ya chuo hicho. Amekaa na swali hilo wiki mbili na karatasi ingali tupu. Asema mama yake alimfunza kuwa mtu hajisifu, husifiwa na wengine. Sasa aanzie wapi?

Swali hilo si la mzaha, wala haliwahusu wanaokwenda ng'ambo peke yao.

Humu nchini hatujazoea kuulizwa hivyo. Mtoto akipata C+ au zaidi katika KCSE, amehitimu kuingia chuo kikuu. Katika mtihani wa mwaka 2024, waliofika kiwango hicho walizidi 240,000. Anachagua kozi, KUCCPS inalinganisha alama zake na za wenzake, na jibu linatoka. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kamati ya pamoja ya vyuo, JAB, lakini kilichopimwa kilikuwa ni alama vilevile. Hakuna anayeuliza kama kijana ni mkarimu au mchoyo. Nami naona ni heri iwe hivyo, kwa sababu siku maafisa watakapoanza kuchagua watoto kwa kuangalia tabia, sote twajua ni watoto wa akina nani watakaoonekana kuwa na tabia nzuri kuliko wote.

Serikali nayo iliwahi kujaribu kutengeneza tabia. Katika miaka ya 1980, waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu walipelekwa kwanza katika kambi ya NYS kule Gilgil, wakapigishwa kwata na kuamshwa alfajiri. Watu wa rika hilo wangali wanasimulia. Hata hivyo, migomo ya vyuo haikukoma.

Wamarekani wana sababu yao ya kuuliza. Vyuo vyao vingi ni vidogo, na wanafunzi hulala humo humo na kula pamoja. Anayesoma maombi ana vijana wenye alama nzuri wengi kuliko vitanda, kwa hivyo hujiuliza huyu atakuwa mtu wa namna gani bwenini. Mwaka 1959, Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 huko kwa ndege, hao ndio waliokuwa jibu la swali hilo. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, akajiunga na chuo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati. Lakini mtazame alipokuwa mhadhiri. Aligundua kuwa wanawake hawakupewa marupurupu ya kazi sawa na wanaume waliofanya kazi ile ile, akasimama kulipigania jambo hilo. Chuo kilikuwa kimemwajiri kufundisha elimu ya viungo vya wanyama. Ule ukaidi wake kilipewa bure.

Sasa nikurudie, binti. Mama yako amesema kweli, na usimkosoe. Lakini ukiitazama fomu vizuri utaona kuwa haitaki sifa, yataka ushahidi. Ukiandika kwamba wewe ni mwenye bidii, mwaminifu na mwenye moyo wa uongozi, hujasema kitu, maana hata mwizi wa kuku angeyaandika hayo hayo. Andika ulilofanya. Kama kila jioni ulimsaidia shangazi yako kuuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, ukajifunza ni nani wa kukopeshwa na jinsi ya kudai deni bila kumpoteza mteja, hilo ni jambo. Kama nyanya yako alianza kupoteza nuru ya macho nawe ukawa unamsomea Biblia kila usiku kwa lugha yake kwa mwanga wa koroboi, hilo pia ni jambo. Msomaji kule ng'ambo ataliona pendo na subira bila wewe kuyataja. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi, Common Application, haikubali insha inayozidi maneno 650, kwa hivyo kisa kimoja chatosha.

Nakuonya juu ya mambo mawili ambayo vijana hushawishiwa kufanya. La kwanza ni kubuni taabu. Kuna wanaodhani kuwa Wamarekani hutoa nafasi kwa machozi, basi mtu anamzika baba aliye hai na mwenye afya. Mbali na kuwa ni uwongo, baba huyo ndiye atakayetakiwa kutia sahihi karatasi nyingine.

La pili ni kununua barua. Sote twajua kuwa humu nchini kuna vijana werevu ambao hujipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za masomo. Gazeti la New York Times liliandika habari hizo mwaka 2019. Siwalaumu sana walio na njaa. Lakini mzazi anayetoa pesa ili mtu mwingine aeleze uaminifu wa mwanawe, hebu ajiulize anamfunza nini mtoto huyo. Na barua ya kununua hujulikana. Hunukia mtu mzima.

Kuna sifa nyingine ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa adabu, ilhali chuoni huwa kikwazo. Nayo ni kunyamaza. Tumewalea watoto wasikatize maneno ya wakubwa, wasimkodolee mwalimu macho, wala wasiulize swali ila wameruhusiwa. Kisha kijana huyo anaketi katika darasa la Marekani ambako kozi nyingi hutoa sehemu ya alama kwa wanaochangia mazungumzo. Jibu analijua, na amelijua kabla ya wale wanaopayuka, lakini anangoja aitwe kwa jina. Haitwi. Mwisho wa muhula anashangaa kuona alama zimepungua, naye mhadhiri anadhani kijana hakuwa akisoma.

Simwambii mtu aache heshima. Kusema, "Samahani mwalimu, hapo sijaelewa," hakujamvunjia yeyote heshima. Nawe mzazi mwenzangu, kijana huzoezwa nyumbani. Mnapotaka kuuza ng'ombe au kumhamisha mdogo wake shule, muulize maoni yake na umsikilize hadi mwisho, hata kama hutalifuata shauri lake. Anayesikilizwa mezani kwao hatetemeki akiinua mkono mbele ya watu mia.

Wewe uliyeitwa Maseno, Egerton, Moi au Nairobi usidhani umeponyoka. Hutapewa fomu ya aina hiyo, lakini swali ni lile lile. Wa kwanza kukuuliza ni yule mtakayelala naye chumba kimoja. Mwenzio akiwa Mwislamu kutoka Garissa au Lamu na mwezi wa Ramadhani uingie, ile sauti ya sufuria saa kumi alfajiri si kelele za kukuudhi, ni daku. Nawe ukiwa na mtihani asubuhi, yeye pia ajue hivyo. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayowafanya wawili waishi kama ndugu, au mmoja ahame kabla ya muhula kwisha.

Halafu kuna kazi za vikundi. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hana budi kuzitoa. Katika kikundi cha watu sita, wawili huandika, mmoja hupiga chapa, na waliobaki huleta majina na nambari zao za usajili usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Wenzako watasahau gredi yako ya KCSE upesi sana. Hawatasahau ulikuwa katika kundi gani kati ya hayo, na baadhi yao ndio utakaowakuta miaka kumi baadaye wakiwa upande wa pili wa meza ya mahojiano ya kazi.

Kuhusu mwakenya, yaani vile vikaratasi vya kuibia mtihani, sina mengi. Aliyezoea kuvibeba katika shule ya upili atavibeba chuoni, na huenda siku moja akawa daktari wa mtoto wako.

Ukabila ni gumu zaidi. Wiki ya kwanza, vijana wa nyumbani watakuja kukutafuta. Watakuonyesha panapouzwa chakula cha bei nafuu na mtaongea lugha ya mama. Hapo hapana ubaya, na mgeni huhitaji wenyeji. Ubaya huja wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, unapoelezwa ni nani wa kupigiwa kura kabla hujamsikia akinena. Sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa mwaka 2016 ili wanafunzi wachague wajumbe, na wajumbe hao ndio wachague viongozi. Lakini sheria haiwezi kumhamisha mtu kutoka meza ya watu wa kwao hadi meza nyingine wakati wa chakula. Hilo ni la kila mtu kuamua, na kijana aliyesoma shule ya kutwa karibu na nyumbani, asiyewahi kulala mbali na watu wa lugha yake, ndiye anayehitaji kulifikiria kabla ya kupanda matatu.

Basi binti, fanya hivi. Nenda kwa watu watatu: mama yako, mwalimu wako wa darasa, na mmoja asiyekupenda sana, kwa mfano yule uliyegombana naye mkiketi dawati moja. Usiwaombe sifa. Kila mmoja akutajie jambo moja ulilofanya ambalo analikumbuka. Likitajwa na wawili, hilo ndilo la kuandika. Ukimaliza, msomee mama kwa lugha yake. Akikuambia kuwa huyo si wewe, irarue na uanze upya.

Na mwalimu huyo umwone mapema, kwa kuwa naye atatakiwa kuandika barua juu yako. Vyuo vingi vya huko hufunga mlango mwanzoni mwa Januari, na wakati huo walimu wengi huwa wamekwenda mashambani kwa Krismasi.