Cheni Ina Meno, Chunga Leso

Ukipanda bodaboda kutoka Malindi mjini kwenda Mambrui, mzigo wote huvutwa na cheni moja tu. Injini huzungusha gia ndogo ya mbele. Cheni hushika meno yake na kuzungusha gia kubwa ya nyuma. Kwa vile ya nyuma ina meno mengi zaidi, gurudumu huzunguka polepole lakini kwa nguvu. Cheni ya aina hii ilibuniwa na Hans Renold huko Uingereza, mwaka 1880.

Huku pwani ina maadui wawili: mchanga husaga pini zake, na chumvi ya bahari huleta kutu. Ikilegea huruka meno, na ikikatika yaweza kukwamisha gurudumu la nyuma. Mwendeshaji aisafishe, aitie mafuta, aikaze kwa kiasi. Ikikazwa mno huchakaa upesi.

Nawe mama, kabla ya kuondoka kusanya ncha za leso au buibui uzikalie. Tazama pia kama kifuniko cha cheni kipo. Hakipo? Ngoja pikipiki nyingine. Cheni ikishanasa nguo haiachi. Humvuta na mwenye nguo. Heri kuchelewa kufika.